Sanduku la Bibi Vasilo

Mavrolithi, 14 Februari 1982

Ndugu yangu Prodromos,

Sisi huku tu wazima, isipokuwa magoti yangu, nayo nimeyazoea kama mtu anavyozoea mkwe mbaya. Binti yangu Aspasia ameandika kutoka Patra, anakusalimu mjomba wake, na kijana wake mkubwa anamaliza shule mwaka huu. Mizeituni ya marehemu baba haikuzaa kitu. Wifi Marika mwambie ile dawa ya kifua imenifaa, ingawa inanuka kama beberu.

Sasa habari yenyewe. Kijiji kimeingiwa na wazimu. Juzi Panagos, mwenyekiti wetu, alipanda juu ya kiti mkahawani na gazeti mkononi, akasoma kwamba Leonidas, mjukuu wa Bibi Vasilo Karvela, anagombea ugavana hukohuko uliko wewe. "Jamani," anapiga kelele, "Mavrolithi inakwenda kutawala Amerika!" Mzee Lias akamuuliza, "Yote au kipande?" Panagos akajibu, jimbo zima. "Lina mbuzi?" Watu wakacheka, lakini hawakulala.

Tangu hapo kila mtu ni ndugu yake Leonidas. Watu ambao hawakumpelekea yule bibi hata bakuli la dengu alipokuwa hai sasa wanasema walikuwa wakimwita mama. Mke wa Panagos ameshona bendera ya Amerika, ina nyota thelathini na moja kwa sababu uzi uliisha. Njia ya kisimani imepewa jina la ukoo wake, Karvelas. Mbwa wa kasisi naye, nadhani, yuko ukoo huo.

Jana Panagos alinijia nyumbani. "Stamatia, wewe ndiye uliyemwosha Bibi Vasilo. Sanduku lake la mifupa ni lipi kule makaburini? Waandishi wa habari wanakuja, tunataka kulitia jina lisomeke."

Nikamwonyesha. Basi. Karatasi imekwisha.

Dada yako,
Stamatia


Pueblo, 21 Machi 1982

Dada yangu mpenzi,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa, lakini nimeisoma yote. Hatujambo. Marika amesitawi, mimi nimestaafu kiwandani na sasa nazurura nyumbani hadi ananifukuza kwa ufagio. Pole na magoti.

Usiwacheke sana watu wa kijijini, kwa maana na sisi huku tumepata wazimu huohuo. Kila Jumapili baada ya ibada ukumbi wa kanisa unajaa, tunabandika picha za Leonidas, tunapika, tunabishana. Hajui Kigiriki zaidi ya "habari" na "asante", lakini akisema "asante" wazee wanalia.

Wiki iliyopita niliitwa mbele nizungumze, mimi nikiwa mtu wa kijiji chake. Vijana waliozaliwa huku hawajui mila, nikawaeleza. Nikasema, kwetu mtu akikaa kaburini miaka mitatu tunamfukua. Mifupa tunaiosha kwa divai, tunaifunga kitambaa cheupe, tunaitia sandukuni na jina lake juu, tunaiweka chumba cha mifupa pamoja na wenzake. Asiye na mtu wa kumwosha hutupwa shimo la wote, mifupa juu ya mifupa, na jina lake limekwisha. Kisha nikasema: bibi yake Leonidas hakutupwa. Mwaka 1964 mimi mwenyewe nilipeleka kitambaa kutoka Amerika, hariri nyeupe aliyoitarizi mama yake Leonidas kwa mkono wake, na kwa macho yangu haya niliona dada yangu akimwosha na kumfunga. Dada, ukumbi mzima ulisimama. Leonidas alinikumbatia.

Jambo moja dogo. Mama yake, Bi Evgenia, alitutembelea kunywa kahawa. Ana miaka themanini na akili zake zote. Aliona picha ya harusi ya Aspasia pale ukutani, akasimama mbele yake kwa muda, kahawa ikapoa. Akaniuliza kitambaa cha lile gauni kilinunuliwa wapi. Nikamwambia Kalamata, dukani. Si ndivyo? Alinishukuru, akaenda zake.

Nijibu upesi.

Prodromos


Mavrolithi, 6 Juni 1982

Ndugu yangu,

Nisamehe kuchelewa. Ilikuwa Kwaresima, halafu Pasaka, halafu mbuzi wakazaa. Mzee Lias alivunjika mguu akicheza ngoma ya Pasaka, na huu ni wa pili, sasa ana miguu miwili mibovu na mdomo mzima. Aspasia alikuja na watoto. Amenenepa kidogo, inampendeza.

Waandishi walikuja, watatu, mmoja mwanamke mwenye suruali. Walilishwa kondoo. Panagos aliwaonyesha nyumba ya Bibi Vasilo, ile isiyo na paa, akawaambia kijiji kinaitunza. Mbuzi alikuwa akichungulia dirishani. Kisha wakaenda makaburini, wakapiga picha sanduku lenye kibao kipya cha shaba. Mimi sikwenda, nilikuwa na kazi.

Bei ya mafuta imepanda. Kasisi ana jino baya.

Umeniuliza juu ya kitambaa. Ni mambo ya zamani, Prodromos, na kichwa changu si kile cha zamani. Mwambie Bi Evgenia namsalimu.

Stamatia


Pueblo, 11 Julai 1982

Stamatia,

Leo sina salamu ndefu. Tu wazima.

Gazeti la Wagiriki wa huku limetoa ile picha. Ukurasa wa kwanza: Panagos na tumbo lake, kasisi, na katikati sanduku la "Vasilo Karvela, bibi wa gavana". Leonidas alininunulia nakala kumi. Marika aliona fahari, akaibandika jikoni.

Usiku ule sikula. Sanduku lile ni la kijani. Kona yake ya kulia imebanwa kwa kipande cha kopo la sardini, kwa sababu fundi aliyelitengeneza si fundi, alikosa kipimo akaona haya kuanza upya. Fundi huyo ni mimi. Nilikuja mwaka 1976, nikafukua, nikaosha, nikapigilia misumari hiyo na nikalia nikipigilia. Humo ndani yumo mama.

Mama yetu, Stamatia! Jina lake liko wapi? Mmelikwangua kwa nini? Na kama aliye humo ni mama, basi Bibi Vasilo yuko wapi?

Nataka jibu. Usiniletee habari za mbuzi.

Prodromos


Mavrolithi, 29 Agosti 1982

Ndugu yangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Nyingine nilizitia jikoni, zikasaidia kuchemsha maharagwe. Afya zetu ni nzuri, naandika hivyo kwa sababu barua haianzi bila afya.

Watu wa zamani wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Maiti huyu hakuwa na aibu yoyote. Aibu ni ya mwosha, na mwosha hakuosha.

Unakumbuka mwaka 1964. Ulileta kitambaa, ukakaa siku nne, ukasema unakwenda Kalamata kushughulikia tiketi ya meli na utarudi tumfukue pamoja. Hukurudi. Nilingoja. Harusi ya Aspasia ilikuwa imebaki wiki tatu, watu wa bwana harusi wako Patra, wana duka, wana sahani zinazofanana. Mume wangu alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Mtoto hakuwa na gauni. Alikuwa avae langu, lile lililotafunwa na nondo, na alikuwa amenyamaza, halalamiki, na kunyamaza kwake ndiko kulikonimaliza.

Hariri ilikuwa juu ya kabati. Kila nikipita inaniangalia. Makomamanga ya buluu kwenye pindo, Prodromos, madogo kama kucha, mbegu zimehesabiwa. Nikajisemea: huyu bibi hayupo tena, mwanangu yupo. Nikakata.

Baada ya kukata ningemfunga kwa nini? Kwa shuka ya nyumbani? Kila mtu kijijini alijua kuna hariri ya Amerika. Wangeuliza. Basi siku ya kufukua nilikwenda alfajiri na mchimba kaburi peke yake, yule kiziwi, nikamwambia bibi hana watu, mtie shimoni. Wengine mifupa hutoka myeusi, mtu akapata la kusingizia, akasema marehemu alikuwa na dhambi. Yake ilitoka safi, ya manjano kama nta. Hata kisingizio hicho sina. Nilisikia ikianguka.

Kijijini nikasema nimemwosha na kumfunga. Hakuna aliyekwenda kutazama, kwa maana hakuna aliyemjali, na hilo lilinisaidia miaka kumi na minane. Aspasia hajui mpaka leo. Aliambiwa kitambaa nilikinunua dukani Kalamata.

Sasa Panagos anasimama mlangoni kwangu na kijiji kizima nyuma yake, anauliza sanduku ni lipi. Ningesema nini? Nilitembea mbele yao ndani ya kile chumba, na mkono wangu ukaenda kwa mama. Nilifikiri mama atanivumilia, alinivumilia mengi. Panagos akakwangua jina lake kwa kisu cha jibini, mbele yangu, akisema rangi imechakaa na hata halisomeki. Lilikuwa linasomeka. Nikashika taa, nikammulikia.

Nimekwambia yote. Na wewe sasa niambie moja: ulikuwa wapi Kalamata, wewe uliyeona kwa macho yako haya?

Stamatia


Pueblo, 3 Oktoba 1982

Dada,

Nilikuwa nacheza karata. Chumba cha nyuma ya hoteli, siku tano. Tiketi nilikwisha kuinunua kabla sijaja kijijini. Nilirudi melini nikiwa na koti tu, na nilipofika huku marehemu Thanos, baba yake Leonidas, alikuja kunipokea kituoni, mzee mzima, akaniuliza, "Umemwona mama yangu?" Hakuwa amemwona mama yake tangu mwaka 1912. Nikamjibu nimemwona, ameoshwa, amefungwa. Akanibusu mikono yote miwili. Tangu siku ile nimeisimulia hadithi hiyo hadi nikamwona kweli. Najua hata divai ilivyonukia.

Kwa hiyo sina mdomo wa kukuhukumu. Nilikuandikia kwa hasira, naomba radhi, ingawa juu ya mama hasira haijaisha.

Sasa nisikilize. Uchaguzi ni tarehe mbili Novemba. Leonidas na mpinzani wake wanakimbizana bega kwa bega. Ile picha ya sanduku iko kwenye vipeperushi, imeandikwa chini: mtu asiyesahau alikotoka. Likitoka neno, watamfanya kichekesho. Nyamaza mpaka siku hiyo ipite. Mwezi mmoja tu. Mama atangoja mwezi mmoja.

Nimesoma mstari huo tena na nimeona nilichokuandikia. Sitaufuta, uone mdogo wako ni mtu gani.

Picha ya Aspasia nimeitoa ukutani. Iko chini ya kitanda. Marika akiuliza namwambia kioo kimepasuka.

Prodromos


Mavrolithi, 28 Novemba 1982

Prodromos,

Hatujambo. Baridi imeanza, nimechinja nguruwe.

Tulipiga kura na sisi, sijui kama ulisikia. Tarehe mbili Panagos aliweka ndoo mkahawani, kila mtu mzima akatia karatasi yake. Kura mia moja na tisa kwa Leonidas, moja kwa mpinzani. Wote tulijua ni ya Mzee Lias. "Babu yake alimhasi beberu wa baba yangu," anasema, "mwaka 1909, kwa makusudi." Panagos alituma simu ya maandishi Amerika kutangaza ushindi wa Mavrolithi.

Kesho yake redio ikasema ameshindwa.

Laiti ungeona. Kufika adhuhuri bendera imeshuka, na jioni ikawa imefunika rundo la kuni za Panagos. Njia ya kisimani imerudi kuwa njia ya kisimani. Mkahawani wanasema huyo hata si Mgiriki, hajui lugha, mama yake mtu wa Smirna, huko Uturuki, na wenyewe akina Karvelas hawakuwa watu wa hapa, walikuja na Waturuki. Mwanamke aliyekuwa akilia kila akitazama picha yake, sasa anafungia samaki picha hiyohiyo.

Nikajisemea, vema, siku imepita, hakuna anayetazama, nitakwenda kimyakimya nikang'oe kile kibao, nimrudishie mama jina, na mambo yaishe. Nilikuwa na bisibisi mfukoni, naapa. Njiani nikakutana na mtu wa posta, akanipa barua. Leonidas anakuja, yeye na mama yake. Wiki ya tatu ya Januari. Anasema sasa ana nafasi, na ameahidi kupiga magoti mbele ya bibi yake.

Niliirudisha bisibisi nyumbani. Mchana kutwa nilikaa na koti mwilini.

Umenishauri ninyamaze, nikanyamaza. Safari hii usinishauri.

Stamatia


Mavrolithi, 23 Januari 1983

Ndugu yangu Prodromos,

Mimi ni mzima, na naandika hili kabla sijaanza kulipamba.

Walikuja Jumatano, kwa teksi kutoka Kalamata. Uwanjani hapakuwa na mtu. Panagos alishikwa na homa asubuhi ileile, kasisi alikuwa na jino. Mkahawa ulikuwa wazi na madirisha yamejaa pua. Mzee Lias peke yake alijikokota na magongo yake mawili, akampa Leonidas mkono. "Kura yangu sikukupa," akamwambia, "lakini karibu." Leonidas akasema, "Asante."

Ni mtu mnene, mpole, amechoka usoni. Mama yake ni mdogo kama kuku wa kienyeji. Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, hakunisalimu kwa busu. "Tupeleke," akasema.

Usiku kucha nilikuwa nimepika ngano ya wafu, ile inayoliwa makaburini kuwakumbuka, zabibu kavu, komamanga, kila kitu, nikaibeba kwa sinia. Tuliingia chumba cha mifupa. Kibao cha shaba kilikuwa kinang'aa, Panagos alikuwa amekiwekea hata taa nyekundu. Leonidas akavua kofia. Akapiga goti moja, kwa shida, akashika ukuta apige la pili. Akaanza kuinama abusu sanduku.

Nikasema, "Usibusu, mwanangu. Huyo ni mama yangu."

Hakuelewa neno. Akageuka kumtazama mama yake, mdomo uko wazi, goti moja chini na jingine juu.

Bi Evgenia hakumtafsiria. Aliniambia mimi. "Najua. Nilijua tangu Machi, nyumbani kwa kaka yako. Kila komamanga la lile pindo lina mbegu saba, nilizihesabu mwenyewe miezi saba, jioni baada ya kufua nguo za watu. Mama mkwe sikupata kumwona. Sikuwahi kumpikia hata uji. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyomfanyia." Akamshika mwanawe bega. "Sikumwambia mwanangu. Nilitaka kuona kama utamwacha apige magoti."

Nilimwambia yote hapohapo, nimesimama. Gauni, kiziwi, shimo. Nilimwambia yeye ni mwanamke mwenzangu. Akaniambia nisimwite hivyo.

Kisha akauliza gauni liko wapi. Lipo, nikasema, Aspasia aliliacha sandukuni kwangu. "Lete."

Nilipanda kijiji chote na magoti haya, nikashuka nalo mkononi mchana kweupe, na kila dirisha liliniona. Bi Evgenia alikuwa amekaa juu ya jiwe la shimo la wote, amefungua mkoba, miwani puani, mkasi mdogo wa kutarizi mkononi. Akalipokea gauni, akalipitisha vidole. Akaanza kufumua pindo. Hakurarua, Prodromos, alifumua mshono wangu, uzi baada ya uzi, saa nzima, na baridi ile. Nilitaka kumsaidia kushika, akalivuta upande wake. Pindo lilipotoka zima, makomamanga yote, akalikunja. Leonidas alisukuma jiwe, uso wake umelowa, na wakaliteremsha mle ndani wote wawili wameshikana mikono. Mimi nilisimama na sinia la ngano. Hawakula.

Kilichobaki cha gauni alinirudishia. "Hii ni ya binti yako," akasema. "Yeye hana kosa. Lakini utamwambia."

Kwenye gari niliinama nibusu mkono wake. Aliuondoa, akauingiza kwenye glavu.

Jioni nilikwenda na bisibisi. Nimeng'oa kibao, nimenunua rangi nyeupe, nimeandika kwa mkono wangu: Kalliopi, mama wa Stamatia na Prodromos. Herufi zimepinda, lakini zinasomeka. Kesho napanda basi kwenda Patra kwa Aspasia.

Jambo la mwisho ni lako. Mlango wa teksi ulikuwa umekwisha kufungwa, Bi Evgenia akateremsha kioo. "Kaka yako ameitoa ile picha ukutani," akasema. "Nilipita mwezi wa kumi, nikaona msumari mtupu. Mwambie airudishe. Mimi huenda kwake kunywa kahawa kila mwezi, na nitakuwa naitazama."

Irudishe, Prodromos.

Dada yako,
Stamatia